Hivi mbio za farasi za Oaks kwanini wanakimbia majike peke yao? Wenye historia njooni

Kipepeo_Temeke
Wadau habari za jioni. Juzi Ijumaa nilikua kwenye duka la kubeti mtaani kwetu, mpira hamna so TV ikabaki kwenye mbio za farasi, zikaja moja za Uingereza zinaitwa Oaks, mi nikachagua farasi kwa kuangalia rangi ya jezi ya anayempanda (msinicheke kila mtu na njia zake) nikaliwa buku mbili kama kawaida yangu. Sasa nikasikia jamaa wanasema hao wote ni majike, tena wote wana miaka mitatu, dume haruhusiwi kabisa. Tukaanza kubishana na mshkaji wangu, mi nasema ni kama ligi ya wanawake tu, majike hawana mbio wakatengewa ya kwao, yeye anasema sio, ni kitu cha mila za kitajiri huko na ina mamia ya miaka. Tumewekeana soda.

Naomba mnisaidie, zilianzaje, kwanini majike, na hilo jina maana nimeangalia kamusi naambiwa ni mialoni, sasa mialoni na farasi wapi na wapi?

Dagaa_Mchele
Mialoni?? Mi najua Mwaloni ya Kirumba hapa Mwanza, na mbio zipo kweli, lori la dagaa likiingia ona wabebaji wanavyotoka nduki. Dume na jike wote wanaruhusiwa.

Mzee_wa_Upanga
Kijana, pole ya buku mbili. Mimi nimezaliwa Upanga lakini niko huku Croydon mwaka wa 30 na kitu, na Epsom kunapokimbiwa hiyo Oaks si mbali na kwangu, nimeenda mara nyingi tu kwahiyo nikueleze ninachokijua.

Jina kwanza. Ni jina la nyumba. Kulikuwa na lodi mmoja anaitwa Earl wa Derby, wa 12 katika ukoo wao, na jirani na Epsom alikuwa na nyumba ya starehe inaitwa The Oaks, ambayo kabla yake ilikuwa kilabu cha pombe, kisha ikawa mikononi mwa jenerali Burgoyne mume wa shangazi yake (huyu Burgoyne ndo yule aliyesalimu amri na jeshi lake zima mbele ya Wamarekani kule Saratoga mwaka 1777, jamaa alikuwa na mikosi). Basi 1778 lodi yuko hapo na wageni wake wanakula na kunywa, wakaanza kutambiana farasi zao kama watu wanavyotambiana magari leo, wakakubaliana mwakani tufanye mashindano ya majike wa miaka mitatu, maili moja na nusu, kama mita 2,400. 1779 ikakimbiwa, na nani kashinda? Jike anaitwa Bridget, wa lodi mwenyewe. Mwenye shughuli kala pilau lake.

Furaha ya ushindi huo ikafanya wabuni nyingine 1780, hii sasa wachanganyike madume na majike, na ndo Derby yenyewe. Inasimuliwa kwamba lodi na rafiki yake Sir Charles Bunbury walirusha sarafu ipewe jina la nani, Bunbury akashindwa sarafu lakini farasi wake Diomed akashinda hiyo Derby ya kwanza. Wengi wanasema neno dabi tunalotumia kwenye mpira limetoka hapo. Sasa msikilize hapa we mwenye soda: Oaks ni kubwa kwa Derby kwa mwaka mmoja, na miaka ya mwanzo Derby ilikuwa maili moja tu, mpaka 1784 ndo ikaongezwa. Yani majike walikuwa tayari wanakimbia maili na nusu wakati ya madume bado ni fupi. Hilo la "hawana mbio" lifute.

Dagaa_Mchele
Kwahiyo sarafu ingelala upande wa pili leo tungekua tunasema Bunbury ya Kariakoo, Simba na Yanga wanakutana kwenye Bunbury 😂😂

Kipepeo_Temeke
😂😂 Shikamoo mzee wangu. Sasa soda naona inaondoka. Lakini bado sijaelewa, kama wana mbio kwanini watengwe?

Mzee_wa_Upanga
Marahaba. Hawajatengwa, jike anaruhusiwa kuingia Derby akitaka na anapunguziwa uzito kidogo, ratili 3. Tangu ianze majike 6 tu ndo wameshinda Derby, wa kwanza Eleanor mwaka 1801 wa huyo huyo Bunbury na kesho yake au wiki ile ile kashinda na Oaks pia, wa mwisho Fifinella 1916, naye alibeba zote mbili, ila mwaka huo vita ilikuwa imehamishia mbio Newmarket. Dume la miaka mitatu lina nguvu zaidi kwa wastani, hilo siwezi kubisha.

Lakini sababu kubwa ni uzazi. Mbio hizi hawakuziweka ili wapate mshindi wa siku ile peke yake, waliziweka ili wajue jike yupi anafaa kuwa mama. Ndio maana ni umri mmoja, wote wanabeba uzito uleule, na kila farasi ana nafasi moja tu maishani mwake, ukikosa mwaka wako umekosa. Akishinda Oaks bei yake na ya watoto wake ambao hata hawajazaliwa inaruka.

Nikupe mfano ninaoupenda. 2004 Oaks ilichukuliwa na Ouija Board, kashinda kwa tofauti ya urefu wa farasi saba. Mwenye mali ni Earl wa Derby, wa 19 sasa, ukoo ule ule wa Bridget, miaka 225 imepita. Akastaafu akawekwa kuzaa, na mtoto wake mmoja anaitwa Australia akaja kushinda Derby 2014. Hapo ndo ujue lodi wa 12 alikuwa anatafuta nini.

Mama_Nuru77
Samahani naingilia, si ndo hizi ambazo yule mwanamke wa kudai haki ya kupiga kura alijitosa uwanjani akagongwa na farasi wa mfalme? Nilisoma shuleni nikajua ni mbio za majike nikasema kweli alichagua mahali pake.

BintiAlkhuwair
Dada hapana, uwanja ni huo huo wa Epsom lakini ilikuwa siku ya Derby, 1913. Emily Davison, farasi wa mfalme alikuwa Anmer, yeye akafariki siku nne baadae. Oaks haikuhusika.

Ila mama ukitaka mwanamke wa Oaks mimi nakupa farasi, Sceptre wa mwaka 1902. Mwenye farasi huyo alikuwa mcheza kamari mkubwa, Sievier, akamwingiza kwenye mbio zote tano kubwa za Uingereza mwaka mmoja, yaani 2000 Guineas, 1000 Guineas, Derby, Oaks na St Leger. Akashinda nne! Aliyokosa ni Derby tu, na siku mbili baadae akarudi uwanjani akachukua Oaks. Hakuna mwengine aliyewahi kushinda nne peke yake bila kugawana na mtu. Na 2000 Guineas hapo alipiga madume.

Mama_Nuru77
Ahsante dada kwa kunirekebisha. Mcheza kamari akipata jike zuri anamtumikisha mpaka basi, haya hata kwa binadamu yapo, tuyaache.

BintiAlkhuwair
😂 Mie niko Muscat, mume wangu ni mgonjwa wa farasi ndo nikajua haya yote kwa lazima. Watu wa Ghuba wameishika sana hii Oaks toka miaka ya 80. Oh So Sharp 1985 wa Sheikh Mohammed wa Dubai alibeba 1000 Guineas, Oaks na St Leger, na toka siku hizo hakuna jike aliyerudia tatu hizo. Halafu 1990 Salsabil wa Sheikh Hamdan, kashinda Oaks akenda Ireland akawapiga madume kwenye Derby yao, mpaka siku hiyo hakuna jike aliyekuwa amefanya hivyo toka 1900. Jina lenyewe angalieni, Salsabil, chemchemi ya peponi, Surat Al-Insan. Mimi kwa jina lile tu ningeweka pesa, astaghfirullah, natania.

Na Balanchine 1994, huyu alipelekwa kukaa Dubai msimu wa baridi kukwepa theluji, watu Uingereza wakacheka, farasi gani anafundishwa jangwani. Akashinda Oaks, na baadae Derby ya Ireland. Baada ya hapo kicheko kikaisha.

Kamaa_wa_Lenana
Niaje wasee. Mnaongea ya Epsom na hapa Nairobi tuko na Kenya Oaks kila mwaka Ngong Racecourse, majike wa miaka tatu, mita 2,400, kitu ile ile tu, wakoloni walibeba kalenda yote ya Uingereza wakaipanda hapa, tuko na Guineas, Oaks, Derby, St Leger, zote. Jockey Club of Kenya ndio wanaendesha. Ngong yenyewe ilifunguliwa 1954, kabla hapo walikuwa wanakimbilia upande wa Kariokor na Eastleigh.

Buda yangu alikuwa saisi hapo miaka mingi, kulisha, kusugua, kutembeza farasi saa kumi na moja asubuhi kwa baridi ya Ngong, kila kitu kabla joki hajafika na buti zake safi. Vile alikuwa anatuambia ni kwamba jike si mdogo wa dume, jike ni mwenye akili zake. Dume ukimkasirikia anakasirika mnamalizana, jike anaweka. Wiki mbili baadae unaingia kwa banda umesahau, anakukumbusha na meno. Alikuwa na alama kwa bega mpaka alipokufa na alikuwa anaionyesha kwa wageni kama medali, "hii nilipewa na mshindi", na huyo farasi wala hakushinda hiyo Oaks alikuwa wa nne ama wa tano lakini kwa buda alikuwa ameshinda, mtu hawezi kumwambia. Pia kuna ile siku jike ako kwenye joto, hata umfunze mwaka mzima siku hiyo anaweza amua hakimbii, na mwenye farasi akiulizia saisi ndio analaumiwa.

Na mkitaka historia ya hapa, kulikuwa na mama anaitwa Beryl Markham, mzungu aliyelelewa Njoro, akapata leseni ya kufundisha farasi akiwa kijana kabisa wakati mwanamke hakuwa anapewa hiyo kazi, na 1926 jike lake Wise Child likashinda St Leger ya Kenya mbele ya madume. Miguu ya huyo farasi ilikuwa na shida ya mishipa, watu walikuwa wamemkatia tamaa.

Kipepeo_Temeke
Aisee kumbe Nairobi zipo! Na siku yenyewe wanafanyaje, kuna sherehe au ni kubeti tu?

Kamaa_wa_Lenana
Hapa kwetu ni Jumapili, familia zinakuja na mablanketi, watoto wanakimbia kila mahali, katikati ya uwanja kuna watu wanacheza golf hata hawana habari na farasi. Si kelele kama mechi ya Gor na AFC. Kabla ya mbio farasi wanazungushwa mbele ya watu, hapo ndio mwenye macho anachagua, anaangalia anavyotembea, anatoa jasho ama hatoi, masikio yako wapi.

Mzee_wa_Upanga
Huku ni Ijumaa, siku moja kabla ya Derby, na wanaiita siku ya akina mama, ndo siku ya makofia. Kuna kofia huko ukiiona unajiuliza huyu mama amepandaje nayo treni. Lakini usidhani ni matajiri tu, katikati ya uwanja kuna kilima ambacho toka zamani ni ardhi ya watu wote, watu wanapanda na vikapu vyao vya chakula, kuna bembea, na jamii za Wagypsy walikuwa wanakuja na magari yao ya kulala wakati wa wiki ya Derby kupiga ramli. Mimi mara ya kwanza nilipigiwa nikaambiwa nitaoa mwanamke mrefu. Mke wangu akisimama ananifika kwenye kwapa.

Na uwanja ule si tambarare. Wanaanza kwa kupanda mlima, halafu wanateremka kwa kasi wakikunja kona ya Tattenham, kisha mwisho ardhi imeinama upande mmoja farasi anavutwa kuelekea uzio. Farasi mwenye mbio tu bila mizani anapotea pale. 2021 Snowfall aliimaliza akiwa peke yake kabisa, tofauti ya urefu wa farasi 16, hakuna aliyewahi kushinda Oaks kwa mbali hivyo.

Sasa nimalizie na kilichonifanya nianze kuipenda, maana mnaongea Ghuba na Nairobi mmeisahau Dar. Aga Khan wa tatu, Sultan Mohamed Shah, imamu wa Waismailia, si mnalijua jengo la Diamond Jubilee pale Upanga? 1946 alikuja Dar akapimwa kwa almasi, uzito wake kwa uzito wa almasi, kama alivyofanyiwa Bombay mwaka ule ule, kutimiza miaka 60 ya uimamu. Mama yangu alikuwepo kama mtoto, alikuwa anasimulia mpaka amezeeka. Miaka miwili baadae, 1948, huyo huyo Aga Khan akashinda Oaks, na jike lake liliitwa nani? Masaka.

Dagaa_Mchele
Masaka ya Uganda????

Mzee_wa_Upanga
Jina ni hilo hilo herufi kwa herufi, Masaka. Ukifika Masaka waambie wana malkia Epsom.

Basi mjukuu wake, Karim, huyu wa hospitali na mashule, naye akawa na farasi wakubwa sana, kashinda Derby mara tano, lakini Oaks ikamsumbua. 1989 jike lake Aliysa akawa wa kwanza, watu wakashangilia, picha zikapigwa. Vipimo vikarudi na alama ya kafuri.

Mama_Nuru77
Kafuri ya maiti???

Mzee_wa_Upanga
Kafuri hiyo hiyo mama, kwenye mkojo wa farasi. Kule inahesabika ni dawa iliyokatazwa maana inasaidia pumzi. Upande wa Aga Khan wakatetea kwamba inaweza kutoka kwenye vitu vya kawaida tu kama mbao za kulalia farasi, kesi ikaenda zaidi ya mwaka, mwisho wa 1990 wakamnyang'anya ushindi. Alichukia kiasi kwamba aliondoa farasi wake wote Uingereza kwa miaka kadhaa. Mimi kafuri naijua ya kuoshea maiti, na kusema kweli toka siku hiyo nikisikia harufu yake msibani namkumbuka Aliysa, Mungu anisamehe.

BintiAlkhuwair
Na mzee umesahau utamu wake! Oaks ile ikapewa aliyekuja wa pili, Snow Bride, na Snow Bride akaja kumzaa Lammtarra aliyeshinda Derby 1995. Yaani hata ushindi wa mezani ulitoa mama wa bingwa.

Mzee_wa_Upanga
Sijasahau binti yangu, nilikuwa nakuachia wewe watu wa Ghuba. Mimi nilikuwa naelekea 2024. Miaka 35 toka Aliysa, Ezeliya akashinda Oaks, na huyo hakuna aliyemnyang'anya. Ndo Oaks ya kwanza ya Karim Aga Khan iliyobaki kwenye kitabu. Miezi minane baadae, Februari 2025, mzee akafariki, miaka 88. Nilikuwepo kilimani siku ile. Nikaona ile jezi ya kijani yenye mabega mekundu inapita wa kwanza, nikampigia simu dada yangu Dar, hajui lolote kuhusu farasi, ananiuliza kuna nini unalia.

Kipepeo_Temeke
Daah mzee umenigusa. Soda nimeshalipa wakuu, mshkaji kanywa Fanta ya chupa huku ananiangalia. Ila subirini, hiyo jezi. Kwani jezi ni za nani, mi nilidhani wanagawiwa tu pale pale kama za bonanza.

Mzee_wa_Upanga
Hapana, jezi ni ya mwenye farasi, imeandikishwa kwa jina lake hakuna mwingine anayeruhusiwa kuivaa. Kijani na mabega mekundu ni Aga Khan, buluu tupu ni Godolphin, zizi la farasi la Dubai, nyeusi na kofia nyeupe ni Lodi Derby toka enzi na enzi.

Kipepeo_Temeke
Kwahiyo nikichagua kwa rangi ya jezi nakua nimechagua ukoo. Mmeona sasa? Mlikua mnanicheka bure.

Kamaa_wa_Lenana
Ukikuja Ngong Jumapili nikuonyeshe kuangalia masikio kwanza, msee. Hiyo buku mbili ingebaki kwa mfuko.

Kipepeo_Temeke
Nakuja. Masikio utaangalia wewe, mi nabaki na jezi yangu.